Saa za kuzamia za zamani

Saa za kuzamia za zamani ni saa za mkono zilizotengenezwa kwa ajili ya wapiga mbizi, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo leo hukusanywa kwa sababu ya historia, umbo na thamani yake. Hutambulikana kwa kasha zito lisilopitisha maji, uso mweusi wenye alama kubwa zinazong'aa gizani, na pete inayozunguka kandokando ya kioo kwa ajili ya kuhesabu dakika.

"Kuzamia" hapa ni kwenda chini ya maji, si kusafiri kwa kujificha melini kama neno hilo linavyotumika mitaani. Vilevile "rolex" inayouzwa barabarani nchini Uganda ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Haihusiani na kampuni ya saa ya Uswisi isipokuwa kwa mlio wa jina.

Jambo linalobishaniwa zaidi kati ya wakusanyaji ni uhalisi. Saa ya miaka 50 au 60 iliyofanya kazi baharini ni nadra kubaki na sehemu zake zote za awali. Kioo hupasuka, mishale huota kutu, mpira wa kuzuia maji hukauka. Kila kipuri kinachowekwa huirudisha saa kazini, na kila kipuri huondoa kitu ambacho kiwanda kilikiweka siku ya kwanza.

Historia

Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa kasha la Oyster, ambalo mfuniko wake wa nyuma na kitufe cha kutilia ufunguo hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Oktoba 1927 mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia na saa hiyo katika bahari nyembamba iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Alitolewa majini kwa baridi kabla ya kufika, lakini saa yake ilikuwa bado inakwenda. Omega ilifuata mwaka 1932 na saa ya Marine yenye kasha mbili, moja ndani ya nyingine. Nchini Italia, Panerai ya Firenze ilitoa saa kubwa kwa wapiga mbizi wa jeshi la majini, nyingi zikiwa na kasha na mashine kutoka Rolex.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipobuni nchini Ufaransa kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji. Mtu akiwa kilindini huvuta hewa yenye shinikizo kubwa, na nitrojeni ya hewa hiyo huyeyuka katika damu na misuli. Akikaa kupita kiasi kisha akapanda haraka, nitrojeni hutoka kama mapovu ndani ya mwili, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumuua. Kwa hiyo mpiga mbizi alihitaji kujua dakika alizokaa chini kama alivyohitaji hewa yenyewe.

Mwaka 1953 Blancpain ilitoa saa ya Fifty Fathoms. Jina lake maana yake ni "pima hamsini", yaani takriban mita 91, na pima hiyo ni karibu sawa na ile wanayotumia wavuvi wa pwani wanapotanua mikono kupima kamba. Masharti ya saa hiyo yalitolewa na maofisa wawili wa kikosi cha wapiga mbizi wa Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud: uso mweusi, alama kubwa, na pete ya kuzungusha. Mpiga mbizi huweka alama ya pete sawa na mshale wa dakika anapozama. Baadaye husoma moja kwa moja dakika zilizopita. Msomaji wa Kiswahili anayehesabu saa kuanzia mapambazuko hana cha kugeuza hapa, kwa kuwa pete huhesabu dakika tu.

Mwaka huohuo zilianza Submariner ya Rolex na Sea Wolf ya Zodiac. Omega ilitoa Seamaster 300 mwaka 1957. Seiko ya Japani ilitoa saa yake ya kwanza ya kuzamia mwaka 1965, ikiwa na uwezo wa mita 150. Doxa ilikuja mwaka 1967 na Sub 300 yenye uso wa rangi ya chungwa, na pete yake ilichongwa jedwali la kina na dakika ambazo mtu angeweza kukaa bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Mwaka huo pia Rolex ilianza Sea-Dweller, ambayo ubavuni ina vali ndogo ya kutolea heli. Wapiga mbizi wanaoishi siku kadhaa ndani ya vyumba vyenye gesi hiyo walikuta heli ikipenya katika saa na kurusha kioo chake wakati shinikizo liliposhushwa.

Desemba 1969 Seiko ilianza kuuza saa ya kwartzi, na saa za springi zikaporomoka sokoni. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za mkononi zikaanza kuchukua kazi ya kuhesabu muda wa kuzama. Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kilitangazwa mwaka 1982, wakati kazi yenyewe ilikuwa ikianza kuhama. Tangu hapo saa ya kuzamia imekuwa zaidi kitu cha kuvaa, na zile za awali zikawa vitu vya kukusanya.

Uso na rangi ya kung'aa

Katika saa nyingi za kukusanywa, uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Mashine inaweza kutengenezwa na kasha likasafishwa, lakini uso uliopakwa rangi upya haurudi ulivyokuwa.

Rangi ya kung'aa ni shahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji. Hadi miaka ya mwanzo ya 1960 viwanda vilitumia radiamu iliyochanganywa na salfidi ya zinki. Baadaye vilihamia tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu na haipenyi kioo, na kuanzia miaka ya 1990 vikaacha vitu nururifu na kutumia rangi inayohifadhi mwanga wa jua au taa. Saa nyingi za Uswisi zenye tritiamu huandikwa herufi T chini ya uso, kwa mfano "T SWISS T" au "SWISS – T<25".

Nusumaisha ya tritiamu, yaani muda ambao nusu yake huisha, ni miaka 12.3. Uso wa mwaka 1965 ukipimwa miaka 60 baadaye umebaki na asilimia 3 hivi tu ya tritiamu yake. Kwa hiyo saa ya mwaka huo inayowaka usiku kucha ni ya kutiliwa shaka: ama imepakwa rangi upya, ama uso na mishale vimebadilishwa. Radiamu ni kinyume chake. Nusumaisha yake ni takriban miaka 1,600, kwa hiyo mionzi bado ipo karibu yote, lakini salfidi ya zinki imeshaungua na uso hauwaki tena. Kipimo cha Geiger kikiwekwa juu ya kioo hutofautisha mara moja uso wa radiamu na ule wa tritiamu.

Upo mtego mmoja unaowanasa wanaoanza. Nyuso za Rolex za zama za radiamu huandikwa "SWISS" peke yake. Nyuso za kipindi kifupi mwishoni mwa miaka ya 1990, tritiamu ilipoachwa, nazo ziliandikwa "SWISS" peke yake. Submariner ya mwaka 1970 yenye neno hilo bila herufi T haina uso wa kale zaidi kuliko kasha lake. Ina uso uliowekwa kiwandani au kwa wakala karibu miaka 30 baadaye.

Jua nalo hubadilisha nyuso. Baadhi ya nyuso nyeusi za miaka ya 1950 na 1960 ziligeuka kahawia kama kahawa, kwa sababu rangi yake haikustahimili mwanga na joto. Wakati huo lilikuwa kosa la kiwanda na mteja aliweza kudai uso mpya. Sasa huitwa "uso wa tropiki" na huuzwa ghali kuliko ule uliobaki mweusi. Soko hili, ni lazima kusema, halina aibu ya kujigeuza.

Vipuri vya aina tatu

Neno "kipuri" hufunika mambo matatu yasiyofanana. Kuna kipuri cha wakati uleule, kilichotoka kwenye saa nyingine ya aina na mwaka uleule. Kuna kipuri cha huduma, kilichotengenezwa na kiwanda chenyewe miaka mingi baadaye kwa ajili ya matengenezo. Na kuna kipuri cha nje, kilichotengenezwa na watu wengine kwa kuiga. Cha tatu si lazima kiwe kibaya kwa kazi. Pete ya kuiga huzunguka vizuri kabisa. Ubaya huanza inapoelezwa kwamba ni ya asili.

Kuna sehemu ambazo hakuna mkusanyaji anayezigombea: mpira wa kuzuia maji, mafuta, springi kuu na fito ndogo za kushikia mkanda. Hizi zilikusudiwa tangu mwanzo kubadilishwa. Kioo cha plastiki nacho huhesabiwa humo na wengi, ingawa wapo wanaokitafuta cha zamani. Ugomvi huanza kwenye mishale, pete, kitufe cha ufunguo na uso.

Kasha lina tatizo lake, kwa sababu halibadilishwi bali hupunguzwa. Fundi anayelipiga polishi ili mteja afurahie kung'aa huondoa chuma, na kingo kali zilizochongwa kiwandani huwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Chuma hicho hakirudi, ndiyo maana kasha lenye mikwaruzo huuzwa bei zaidi kuliko lililong'arishwa.

Saa za Seiko ni shule nzuri ya somo hili, kwa kuwa bei yake ni ndogo na alama zake ziko wazi. Namba ya mfululizo nyuma ya kasha huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi: 1 hadi 9, halafu O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Aina ya 6309 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1988, hivyo namba inayoanza na 8 inaweza kuwa ya 1978 au ya 1988, na ni lazima kuangalia alama nyingine kabla ya kuamua. Chini ya uso mna maandishi madogo sana yanayotaja mashine na aina ya uso. Yasipolingana na mfuniko wa nyuma, saa imeunganishwa kutoka mbili au zaidi. Vipuri vya kuiga vya Seiko hizi ni vingi mno, kiasi kwamba kupata 6309 isiyoguswa ni kazi kuliko bei yake inavyoonyesha. Nyingi zilizopakwa nyuso upya zimetoka Asia ya Kusini, hasa India, zikiwa na rangi za kuvutia ambazo kiwanda hakikuzitoa kamwe.

Saa za jeshi la Uingereza zinaonyesha jinsi ubadilishaji unavyoweza kuficha historia badala ya kuighushi. Katika miaka ya 1970 Rolex iliipa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo Submariner za pekee: mishale yenye umbo la upanga, pete yenye alama za dakika zote 60, herufi T ndani ya duara, na fito za mkanda zilizochomelewa ili zisichomoke. Zilipotoka jeshini na kuuzwa, baadhi ya wenyewe walizipeleka kwenye huduma na kuziwekea mishale na pete za kiraia, kwa kuwa waliziona za kawaida na zilizochakaa. Leo mishale hiyo iliyotupwa ndiyo inayotafutwa.

Saa za kuungaunga na kesi ya 2021

Saa iliyokusanywa kutoka mabaki ya saa nyingi huitwa na wakusanyaji wa nchi za Magharibi kwa jina la Frankenstein, yule wa riwaya ya Mary Shelley. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa saa ya kuungaunga.

Mfano mkubwa si wa saa ya kuzamia, bali wa Omega Speedmaster ya mwaka 1957, ila haukosi kutajwa popote suala hili linapojadiliwa. Novemba 2021 saa hiyo iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Uso wake uliogeuka kahawia ulisifiwa sana, na mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba saa hiyo iliungwa kwa sehemu nyingi zisizotoka pamoja, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kiwanda kilikuwa kimenunua kwa mamilioni kitu ambacho hakikukitengeneza kikiwa hivyo. Kama waliotengeneza saa walidanganyika, mnunuzi wa kawaida anayetegemea picha ana haki ya kuogopa.

Hanjari ya Omani

Kwa wasemaji wa Kiswahili, sehemu ya historia hii iliyo karibu zaidi ni ya Omani. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alimwondoa baba yake, Said bin Taimur, na kuwa sultani. Katika miaka iliyofuata aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, wakiwemo wengi kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Maskat hadi leo. Wakati huohuo vita vya Dhofar viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1970, na maofisa wa Uingereza walipigana upande wa sultani.

Zawadi za serikali ya Omani za miaka hiyo zilikuwa pamoja na saa za Rolex, zikiwemo Submariner na Sea-Dweller, ambazo nyingi zilipitia duka la Asprey la London. Katika uso au kwenye mfuniko wa nyuma ziliwekwa hanjari juu ya panga mbili zilizopishana, nembo ya taifa la Omani. Hanjari hiyo ni ndugu wa jambia linaloonekana katika picha za masultani wa Zanzibar.

Saa hizi zinageuza hoja ya kawaida. Nembo iliongezwa kwa agizo la mteja, lakini ndiyo inayoipa saa uhalisi wake. Mmiliki aliyeipeleka Sea-Dweller yake kwenye huduma na kurudishiwa uso mpya, safi, usio na hanjari, alirudishiwa saa nzima inayofanya kazi na kupoteza ushahidi kwamba iliwahi kutoka mkononi mwa sultani. Na kwa kuwa hanjari hupandisha bei mara nyingi, nembo hiyo imeigwa na kuchapwa kwenye nyuso ambazo hazikuwahi kufika Omani. Hapo barua ya zawadi, sanduku na habari za mwenye saa wa kwanza huwa na uzito kama chuma chenyewe.

Katika Afrika Mashariki

Mlowo ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye barabara kuu ya TANZAM kati ya Mbeya na Tunduma. Bahari iko mbali sana, na Ziwa Rukwa, ambalo sehemu yake imo katika mkoa huo, ni la kina kifupi. Saa ya mita 200 haiwezi kujaribiwa humo. Hata hivyo saa yenye umbo la kuzamia huvaliwa bara kama pwani, kwa sababu ya uimara: kasha linalozuia maji huzuia pia vumbi la kiangazi na jasho la shambani.

Katika miji ya aina hii saa hutengenezwa na fundi saa mwenye meza ndogo yenye kioo, kibano, na lenzi ya jicho moja. Spea zake nyingi hutoka katika saa zilizokufa. Anapotoa mshale wa saa moja na kuuweka kwenye nyingine, anafanya jambo la busara: mteja anataka kujua saa, si kuuza mnadani. Macho ya mkusanyaji yanaita kazi hiyohiyo kuharibu. Wote wawili hawakosei, ila hawazungumzii kitu kimoja. Penye mgongano wa kweli ni saa iliyorithiwa, ambayo familia haijui kama ina thamani. Tahadhari inayotosha ni kumwambia fundi mapema asipige polishi kasha, asiguse uso, na arudishe kila sehemu aliyoitoa. Mshale wa zamani uliofungwa kwenye karatasi unaweza kurudishwa hata baada ya miaka 20, uliotupwa haurudi.

Swali la kama kitu kilichobadilishwa sehemu ni kilekile si geni katika ukanda huu. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Hakuna abiria wa Kasanga au Kigoma aliyesema kwamba si Liemba tena. Lakini mtu anayeandika historia ya injini za mvuke hana cha kutazama humo.

Matumizi na usalama

Saa ya kuzamia ya zamani haifai kuzamia, hata ikiwa imeandikwa mita 300. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban angahewa moja, na maandishi ya usoni yanaeleza kasha lilipokuwa jipya. Kutu ndani ya mitaro ya mpira, ambayo haionekani mpaka mfuniko ufunguliwe, hutosha kuingiza maji hata kama mpira ni mpya. Baadhi ya wenye saa hizo hubadilisha kitufe na mfuniko kwa vya kisasa ili waweze kuogelea nazo, na huweka vya awali kabatini.

Hatari kubwa zaidi ni ya radiamu. Katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliopaka nyuso za saa viwandani Marekani walinyoosha brashi kwa midomo. Wengi waliugua na baadhi yao walikufa. Mvaaji wa saa iliyofungwa vizuri hayuko katika hali hiyo. Anayehatarika ni anayeifungua, kwa kuwa rangi ya miaka 70 humeguka na kuwa unga. Saa ya kabla ya miaka ya 1960 haifai kufunguliwa kwenye meza ya chakula, na vumbi lake halipulizwi kwa mdomo kama mafundi wengi walivyozoea, bali hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ambacho hutupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Mwili huipokea radiamu kama kalsiamu na kuihifadhi katika mifupa.